Namba ya hataza kwenye jenereta yako inalinda nini hasa?

Ingia duka lolote la mashine Kariakoo au Gerezani, uliza jenereta ya kilowati tatu. Muuzaji akishataja bei na wewe ukaanza kukunja uso, atainama, atafuta vumbi ubavuni mwa mashine kwa kiganja na kukuonyesha kibandiko: herufi mbili, ZL, namba ndefu, na neno "Patent". "Hii siyo feki bosi, ina patenti yake." Ukiuliza patenti ya nini, atakuambia ya jenereta.

Neno hilo limezagaa mjini tangu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wakati kila baraza la duka lilikuwa na jenereta inayonguruma, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi. Mnunuzi analielewa kama cheti cha ubora. Fundi analielewa kama marufuku ya kuchonga kipuri. Na muuzaji wa vile vikopo vya "kubana mafuta", vinavyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta ya injini, analitumia kama ushahidi kwamba kikopo chake kinafanya kazi. Wote watatu wamekosea, kila mmoja kwa njia yake, na makosa yao yanagharimu fedha.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chake ni hataza. Ni haki ambayo serikali ya nchi fulani inampa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasiingize katika nchi hiyo kitu alichokivumbua, kwa muda maalumu. Muda wa juu uliozoeleka ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, mradi ada zinalipwa. Zikiachwa, hataza inakufa mapema. Mvumbuzi naye anadaiwa kitu: aandike hadharani jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi, kwa undani wa kumwezesha fundi mwenzake kuutengeneza. Toa siri yako, tukulindie soko kwa muda. Ili uipate, jambo lako liwe jipya, lisiwe ambalo fundi yeyote mzuri angelifikia bila kuumiza kichwa, na liweze kutengenezwa au kutumika kiwandani.

Hataza siyo hakimiliki, ambayo ni ya maandishi, muziki, programu za kompyuta na kazi nyingine za sanaa. Siyo alama ya biashara pia, ambayo ni jina na nembo iliyobandikwa kwenye tangi. Jenereta moja inaweza kubeba vyote vitatu, na ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Injini tunayoizungumzia hapa ni ile isiyotembea: imefungwa kwenye sakafu au kwenye fremu na kazi yake ni kuzungusha kitu kingine. Jenereta ya saluni, mashine ya kusaga, pampu ya kisima, kompresa ya gereji, na pia yale majitu ya gesi ya mitambo ya umeme ya Ubungo na Tegeta. Hataza nyingi zinazohusu injini hizi hazihusu pistoni wala silinda. Zinahusu swali moja ambalo kwa nje linaonekana dogo: injini itajuaje kwamba mzigo umebadilika, na itajuaje iongeze mafuta kiasi gani?

Injini isiyo na dereva

Daladala ikianza kupanda Kimara, dereva anasikia injini inalegea, mguu unashuka wenyewe kwenye mafuta. Jenereta haina mguu huo. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Jenereta ndogo za petroli zenye ncha mbili za sumaku lazima zizunguke mara 3,000 kwa dakika kupata hezi 50. Kubwa za dizeli zenye ncha nne huzunguka 1,500. Ukichomeka jagi la umeme, shafti inakuwa nzito ghafla, kama mtu amedandia keria ya baiskeli unayoiendesha. Mafuta yasipoongezwa ndani ya sekunde moja au mbili, mizunguko inashuka, na hezi zinashuka nayo. Ukichomoa jagi, mambo yanageuka: mafuta yasipopunguzwa mashine inapaa na kuunguza taa.

Kifaa kinachofanya kazi ya mguu wa dereva mafundi wanakiita gavana. Hakina undugu na gavana wa Benki Kuu, ingawa wote wawili wanalipwa kuzuia mambo yasipande ovyo.

Gavana ya kimakenika ni rahisi kuielewa ukiiona imefunguliwa. Kuna vyuma viwili vidogo vilivyoning'inizwa kwenye gia inayozunguka pamoja na injini. Kasi ikiongezeka vinatanuka kwenda nje, kama sketi ya mcheza ngoma anapojizungusha, na vikitanuka vinasukuma mkono mmoja. Upande wa pili wa mkono huo kuna springi inayouvuta kinyume. Mkono umeunganishwa na kipepeo cha kabureta kwa injini ya petroli, au na reki ya pampu kwa dizeli. Kasi ikizidi, vyuma vinashinda springi, mafuta yanapungua. Kasi ikishuka, springi inashinda, mafuta yanaongezeka.

Angalia jambo moja hapo. Ili gavana hii iongeze mafuta, ni lazima kwanza kasi ishuke kidogo; bila kushuka haina habari. Ndiyo maana jenereta nzima, isiyo na ubovu wowote, huonyesha takriban hezi 52 ikiwa haina mzigo na kuteremka hadi karibu 50 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Tofauti hiyo ya asilimia nne au tano ni tabia yake, na ukiwa na jenereta mbili zinazolisha laini moja ndiyo inayoziwezesha kugawana mzigo bila moja kumtwisha mwenzake kazi yote. Fundi anayekuambia atairekebisha ikae 50 kamili muda wote, kwa gavana ya springi, anakuuzia maneno.

Ubovu halisi una sura zake. Wa kwanza ni injini "kupumua": resi inapanda, inashuka, inapanda tena, bila wewe kugusa kitu. Kwenye petroli, mtuhumiwa wa kwanza ni jeti ya kabureta iliyoziba nusu. Mafuta yanayoingia ni machache mno, injini inakosa nguvu, gavana inafungua kipepeo zaidi, injini inashtuka na kuruka, gavana inafunga, mchezo unaanza upya. Fundi mwenye haraka anakimbilia kukaza springi ya gavana. Kabla hujamruhusu, vuta choki hadi nusu. Kupumua kukitulia, tatizo ni njia ya mafuta na gavana haina kosa. Kwenye dizeli, kwanza toa hewa kwenye mfumo wa mafuta. Kisha zima injini, fungua upate kuigusa reki ya pampu, uisukume kwa kidole. Inatakiwa iteleze kama droo mpya. Ikikwama hata mahali pamoja, utapata kupumua, na siku mbaya itakwama ikiwa wazi na injini itapaa hadi ivunjike.

Wa pili ni ule wa kujitakia: springi imechoka, mtu anafunga waya wa kuzungushia au mpira wa tyubu ili "ipate nguvu". Nguvu haipatikani. Kinachopatikana ni hezi 58, volti zinazoweza kupita 260, na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inayozunguka kwa kasi kuliko ilivyopimwa kiwandani.

Wa tatu unawatia watu hasara kila wiki. Taa zinafifia ukiwasha kitu kizito, mtu anabadilisha AVR, kile kifaa cha kusimamia volti. Zinafifia tena, ananunua AVR nyingine. AVR nyingi zimetengenezwa kushusha volti kwa makusudi pale hezi zinapoanguka chini ya 47 au 48 hivi, ili kuilinda jenereta na kuipunguzia injini mzigo. Kwa hiyo AVR inafanya kazi yake. Aliyelala ni gavana, au injini yenyewe imeishiwa pumzi. Multimita yenye alama ya Hz inamaliza ubishi huo kwa dakika moja. Pima hezi kwanza, volti baadaye.

Nani anamiliki gavana?

Hakuna. Na historia yake inaeleza hataza vizuri kuliko sheria yenyewe.

James Watt, yule wa injini za mvuke, alikuwa mtu wa hataza kwelikweli; alizilinda zake kwa mahakama. Lakini alipoweka gavana ya vyuma viwili kwenye injini zake mwaka 1788, hakuiombea hataza. Vinu vya upepo vya Uingereza vilikuwa tayari vinatumia wazo hilo, na Thomas Mead alikuwa amelipatia hataza kwa ajili ya vinu mwaka mmoja kabla, 1787. Alichonacho tayari mwenzako si kipya, hata kama wewe umekipeleka kwenye mashine kubwa zaidi.

Miaka 90 baadaye Mjerumani Nikolaus Otto alipata hataza namba 532 ya mwaka 1877 kwa injini yake ya gesi ya mapigo manne: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Kwa miaka kadhaa watengenezaji wengine walihangaika kuikwepa. Kisha ikagundulika kwamba Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alikuwa ameshayaandika mapigo hayo manne kwenye kijitabu mwaka 1862, bila kuunda injini yoyote. Mwaka 1886 mahakama ya Ujerumani ikaifuta sehemu kuu ya dai la Otto. Aliyetengeneza mashine akashindwa na karatasi ya mtu ambaye hakutengeneza chochote, na hakuna kilichokiukwa: upya unapimwa kwa kilichokwisha kuwekwa hadharani, hata kama kimewekwa kwa wino tu.

Injini za gesi na petroli za miaka ile zilidhibitiwa kwa namna ambayo leo ingekuchekesha. Hazikupunguza mafuta, ziliruka zamu. Kasi ikizidi, kilatchi kilishika valvu ya kutolea moshi ikabaki wazi, pistoni ikaenda bure bila kuvuta mchanganyiko mpya, hadi flaiwili nzito ipoteze kasi kidogo, kilatchi kiachie, injini iwake mara moja tena. Mlio wake ulikuwa: paa! fyuu, fyuu, fyuu, paa! Watengenezaji walijipatia hataza lukuki juu ya umbo la kilatchi hicho, pembe yake, namna ya kukishika na kukiachia. Zote zimekufa zamani. Yeyote anaweza kukichonga leo.

Kisa cha Rudolf Diesel kinamhusu moja kwa moja muuzaji wa vikopo. Hataza yake ya kwanza, aliyoiomba 1892, ilieleza injini ambayo mafuta yangewaka bila joto kupanda kabisa wakati wa kuwaka. Injini ya namna hiyo haikuwezekana. Mwaka 1893 aliomba ya pili, iliyohusu kubadilisha muda wa kuingiza mafuta kulingana na kazi, yaani udhibiti. Na injini iliyopimwa Augsburg mwaka 1897 na kuonyesha ufanisi wa asilimia 26.2, maajabu kwa wakati huo, ilifanya kazi tofauti na karatasi ya kwanza ilivyoahidi. Karatasi hiyo ilikuwa hataza halali kabisa. Ofisi ya hataza haikuiwasha injini. Haina kazi hiyo mpaka leo. Inasoma, inalinganisha na yaliyokwisha kuandikwa, basi.

Na mashine za kusaga? Wazee wa vinu wanaijua Lister ya Kiingereza, silinda moja, nguvu farasi sita, mizunguko 650, yenye flaiwili mbili kama magurudumu ya mkokoteni. Ilitoka kiwandani Dursley tangu miaka ya 1930 ikafika kila kona ya dola la Mwingereza. Hataza zilipokwisha muda, mafundi wa Rajkot, India, wakaanza kuitengeneza wenyewe na kuiuza duniani kote, halali. Ambacho hawawezi kufanya ni kubandika neno Lister kana kwamba wao ndio Lister, kwa sababu alama ya biashara haizeeki ikiwa mwenyewe anaihuisha. Ndiyo maana unaona injini zinazouzwa kwa maneno "aina ya Lister". Chuma ni huru, jina lina mwenyewe.

Dai ndilo lenye uzito

Hataza ina michoro, maelezo marefu, halafu mwishoni orodha ya madai. Watu husoma kichwa cha habari, "Mbinu ya kudhibiti injini isiyotembea", wakadhani kampuni fulani imemiliki udhibiti wote wa injini zote. Kichwa hakilindi kitu. Uzio wa kiwanja ni madai.

Chukua mfano huu, ambao nimeutunga. Dai linasema: kifaa cha kudhibiti injini chenye (a) sensa ya kasi, (b) sensa ya kupima umeme unaotoka kwenye jenereta, na (c) kompyuta ndogo inayoongeza mafuta mara sensa ya pili inapoona mzigo, kabla kasi haijashuka. Fundi akitengeneza gavana yenye (a) na kompyuta, lakini isiyopima umeme unaotoka, yuko nje ya uzio. Akitengeneza yenye vyote vitatu halafu akaongeza sensa ya joto, yuko ndani, hata aseme amebadilisha. Ule msemo wa mjini kwamba ukibadilisha "asilimia kumi" umesalimika hauna mizizi popote. Hakuna anayepima asilimia. Wanahesabu vipengele vya dai, kimoja kimoja.

Mfano wenyewe unaonyesha uvumbuzi ulikohamia. Kwenye jenereta za kisasa za dizeli, vyuma na springi vimeondoka. Kuna sensa ya sumaku iliyochomekwa karibu na meno ya flaiwili. Kila jino likipita, mpigo mmoja wa umeme. Flaiwili yenye meno 118 kwa mizunguko 1,500 inatoa mipigo 2,950 kwa sekunde, na kompyuta inaihesabu. Ukiifunga sensa hiyo, simamisha injini, hakikisha jino liko mbele yake, izungushe ndani hadi iguse, kisha irudishe robo tatu ya mzunguko. Wakati wa kupiga stata itoe angalau volti moja ya AC. Chini ya hapo kompyuta ni kipofu na injini haitawaka, na utabadilisha pampu nzima kwa kosa la nusu milimita. Ukiifunga bila kuangalia jino, ikaingia kwenye mwanya, jino la kwanza litakata kichwa chake.

Kompyuta yenyewe inafikiri kama dereva mzoefu. Inaangalia mambo matatu: sasa hivi kasi imepungua kiasi gani, imekaa chini kwa muda gani, na inaendelea kuporomoka kwa haraka kiasi gani. Jambo la pili ndilo linaloiwezesha kukaa hezi 50 kamili, kitu ambacho springi peke yake haiwezi: haitulii hadi deni lote limelipwa. Kuna skrubu za kurekebisha ukali wa kila jibu, na ukizidisha ukali, injini itapumua kama ya kabureta iliyoziba. Punguza hadi itulie, kisha pandisha taratibu.

Mawazo hayo matatu yameandikwa pamoja tangu miaka ya 1920. Nayo ni huru. Kinachopata hataza leo ni matumizi finyu: jinsi ya kutambua silinda moja kati ya 20 inayokosa kuwaka, jinsi ya kuzuia injini isizimike gridi ikitikisika, na kadhalika.

Uji mzito, uji mwepesi

Mfano mzuri kuliko wote uko kwenye injini za gesi. Mtambo wa Tegeta wa megawati 45 una injini tano, na Ubungo kuna kituo chenye injini 12 za familia hiyohiyo ya kampuni ya Wärtsilä, zinazotumia gesi ya Songo Songo. Injini za namna hii huendeshwa kwa mchanganyiko mwepesi: hewa karibu mara mbili ya ile ambayo gesi inahitaji ili iungue. Hewa ya ziada inapooza moto, na moto uliopoa hautengenezi oksidi nyingi za nitrojeni, ule uchafu wa moshi unaochoma macho. Tatizo ni kwamba njia ni nyembamba. Gesi ikizidi kidogo, silinda inagonga kama nyundo. Hewa ikizidi kidogo, haiwaki.

Sasa utajuaje mchanganyiko uko sawa? Njia ya kawaida, kama ya magari, ni sensa kwenye bomba la moshi. Lakini injini ya umeme inafanya kazi maelfu ya saa kwa mwaka, na sensa iliyokaa kwenye moshi hubadilisha tabia kadiri inavyozeeka. Kampuni ya Jenbacher ya Austria ilikuja na jibu lililokwenda kwa jina la LEANOX, tangu miaka ya 1980. Haipimi moshi. Inapima umeme unaotoka, pamoja na shinikizo na joto la mchanganyiko kabla haujaingia kwenye silinda.

Fikiria uji. Mtu akishiba kwa vikombe viwili, ulikuwa mzito. Akihitaji vinne kushiba vilevile, ulikuwa mwepesi. Huna haja ya kuuonja. Ukijua shibe na ukijua vikombe, umejua uzito wa uji. Shibe ni umeme unaotoka, vikombe ni shinikizo la mchanganyiko. Kwa kila kiwango cha umeme kuna shinikizo linalotakiwa. Likiwa chini ya hapo, mchanganyiko ni mzito mno, kompyuta inapunguza gesi. Likiwa juu, inaongeza. Sensa zote zimekaa upande wa baridi na usafi.

Hapo ndipo mtu anaelewa hataza nzuri inafananaje. Kupima shinikizo hakukuwa kupya. Kupima umeme hakukuwa kupya. Kuviunganisha hivyo viwili ili kujua cha tatu ambacho hukipimi, hiyo ndiyo kazi ya kichwa. Na kwa hesabu ya miaka 20, chochote kilichoombewa hataza miaka ya 1980 leo kiko huru. Hata jina la kampuni limepita mikono: General Electric iliinunua 2003 na kuiuza 2018, sasa iko chini ya INNIO.

Uzio wa nchi gani?

Hataza ina mipaka ya nchi. Ya Marekani inalinda soko la Marekani, ya China inalinda soko la China. Hakuna hataza ya dunia nzima, hata ule mfumo wa maombi ya kimataifa unaoitwa PCT unakupa mlango wa kuombea nchi nyingi, haukupi hataza yenyewe. Ili hataza iwe na nguvu Dar es Salaam, ama iwe imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza ya 1987, ama iwe imepitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu, kule Harare na Tanzania ikatajwa miongoni mwa nchi zinazoombewa. Zanzibar ina usajili wake.

Kwa hiyo fundi wa Gerezani anayechonga mkono wa gavana wa jenereta ya mteja, ambayo hataza yake, kama ipo, ni ya China peke yake, havunji hataza ya mtu. Akiubandika jina la kampuni nyingine, hapo amegusa alama ya biashara, na Tume ya Ushindani inaweza kumfikia. Ubora nao una ofisi yake: TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hataza haijui kama koili ya jenereta ni ya shaba au ya alumini iliyopakwa rangi, na haijali.

Turudi kwenye kile kibandiko. ZL ni kifupi cha neno la Kichina la hataza. Namba nne zinazofuata ni mwaka wa kuomba. Tarakimu inayofuata mwaka ndiyo ya kuangalia. Ikiwa 1, ni uvumbuzi kamili uliochunguzwa, miaka 20. Ikiwa 2, ni hataza ndogo ya miaka 10, ambayo haipitii uchunguzi wa kina kabla ya kutolewa. Ikiwa 3, ni ulinzi wa umbo: sura ya tangi, mpangilio wa swichi, mikunjo ya fremu. Jenereta yenye ZL 2018 3 na kuendelea inakuambia kwamba mwaka 2018 mtu aliomba kulinda sura yake. Kuhusu gavana haijasema neno.

Kwa namba za Ulaya na China, angalia herufi ya mwisho: A ni ombi lililochapishwa, bado halijakubaliwa, B ni hataza iliyotolewa. Vipeperushi vingi vinatamba na A. Ukitaka kusoma zenyewe, tovuti za Espacenet na Google Patents ni bure hata kwenye simu. Katika mpangilio wa hataza, udhibiti wa injini uko kundi F02D, na ndani yake F02D 41 ni wa umeme. Soma dai la kwanza, ruka mengine.

Na vikopo vya kubana mafuta? Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta zimewahi kupata hataza kwingineko, na sasa unajua hilo lina maana gani. Fanya hesabu badala yake. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban yuniti 10. Jenereta nzuri inakupa yuniti tatu hadi nne. Kikopo kinachoahidi kupunguza matumizi kwa nusu kinadai utapata sita hadi nane kwa lita, wakati injini kubwa kuliko zote za meli zinaishia karibu nusu ya nishati yote. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya magari vya namna hiyo, na ni vichache tu vilivyoonyesha nafuu, nayo ndogo.

Siku ukienda kununua, chukua multimita, pasi na jagi la umeme. Pamoja vinakaribia wati 2,800. Mwombe muuzaji awashe jenereta ya kilowati tatu, iache dakika tano ipate moto, soma hezi: 52 au zaidi kidogo. Chomeka vyote viwili kwa pamoja. Itaguna, hezi zitaanguka, kisha zipande na kutulia karibu 50 ndani ya sekunde mbili tatu. Ikikaa 46, au ikianza kupumua, au ikipaa kupita 55 unapochomoa, mrudishie mashine yake. Kama ni ile ya inveta, kipimo hiki hakitakuonyesha kitu: injini yake inabadilisha kasi inavyotaka na elektroniki ndiyo inayotengeneza hezi 50. Hiyo isikilize tu resi ikipanda unapochomeka jagi na kushuka unapolichomoa.